Lundo la Nne

Uani nyuma ya soko
3 Machi

Mpwa wangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza rasmi kuondokewa na toroli letu la kijani, lililotutoka juzi asubuhi baada ya kuugua gurudumu kwa muda mrefu. Limeacha mabeleshi mawili, reki moja, na mimi. Hakutakuwa na matanga. Fundi wa kuchomelea amekwisha kuja kuuchukua mwili, akatoa bei ya chuma chakavu bila hata kuvua kofia. Habari ziwafikie jamaa wote popote walipo, yaani wewe.

Baada ya hayo, hujambo? Sisi huku hatujambo, kwa maana ile ya kwenye barua. Mke wangu anakusalimu. Goti linamsumbua kila wingu likijikusanya, naye anasema goti lake lina ukweli kuliko utabiri wa redio. Baba yako yupo. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni, redio mapajani, haijawashwa. Akiwekewa chakula anakula. Akiulizwa kama kimetosha anasema kimetosha. Shemeji yangu hakuwahi kuwa msemaji, lakini zamani alikuwa akinyamaza kwa kupenda.

Nakuandikia kwa sababu simu tumeshaijaribu. Mara ya mwisho tulisikilizana tunavyopumua mpaka salio likakata. Dereva wa lori lenu la maua hupita hapa akirudi na gari tupu, na amekubali kuwa posta.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kamati ya soko inautaka uwanja wetu wa mboji uwe maegesho ya magari. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, kitambaa puani ingawa hakuna kinachonuka, akaniuliza, "Mzee, hii mbolea yako hasa ananunua nani?"

Nikamwambia watu wengi.

"Wangapi?"

"Wenye vyungu vya maua."

"Vyungu," akasema, akageuka kuwatazama wajumbe wake kama shahidi aliyesikia anachokitaka. Kwa ufupi wametupa mpaka mwezi wa tisa. Nikionyesha mnunuzi mkubwa, shamba la biashara lenye jina na muhuri, uwanja unabaki. Nisipoonyesha, malundo yanaondoka na magari yanaingia.

Wewe uko kwenye shamba la aina hiyo. Sikuombi unibebe. Nakuomba umuulize meneja wako kama anaweza kuijaribu. Mali iko. Malundo ni manne. Matatu yameiva. La nne bado.

Mjomba wako


Shambani, banda la saba
21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa msiba wa toroli. Niliwatangazia wenzangu wakati wa chai na mmoja akainamisha kichwa kabla hajaelewa. Wamezoea kuwa kwangu ni kwa misiba. Siku niliyorudi kutoka kumzika mama walinipa pole kwa mstari, mmoja mmoja, kama wanaopokea mshahara. Nikasema asante, asante, asante, halafu nikauliza nani amechukua mkasi wangu. Tangu hapo wananisalimia kwa mbali.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile. Alfajiri tunakata, mchana tunapanga kwa urefu wa shina, jioni tunapakia. Waridi halina habari ya mtu. Likifika siku ya kukatwa linakatwa.

Nilimpelekea meneja ule mfuko mdogo wa mboji ulionipa stendi. Akauweka juu ya meza, akauzunguka.

"Imetokana na nini?"

"Mabaki ya soko. Maganda, majani ya kabichi, matunda yaliyooza, mifupa ya buchani iliyosagwa."

"Yaani takataka."

"Zilikuwa takataka. Sasa ni mboji."

Akainama akanusa. Akanusa tena. "Hainuki."

"Ndiyo, imeiva."

"Mbolea isiyonuka nitaiaminije? Samadi ya kuku huna haja ya kuuliza kama imeshafika."

Hilo ndilo soko lenyewe, Mjomba, ujue unachokabiliana nacho. Waridi letu linanyweshwa kwa mipira, tone kwa tone, mbolea ya kiwandani ikiwa imeyeyushwa tangini kama chumvi kwenye maji. Mboji haipiti huko. Itaziba vitundu siku hiyo hiyo. Lakini udongo wa matuta yetu umechoka. Umekuwa mgumu, maji yanakaa juu yanatutazama. Nafasi yako iko chini kwenye mizizi. Halafu kuna wanunuzi wa ng'ambo. Siku hizi wanauliza maswali: waridi hili limelelewaje, limekula nini, kwao ni kwema? Utadhani wanaposa. Meneja anataka kuwa na jibu zuri la kuwapa.

Kwa hiyo amekubali tujaribu. Upande wa kushoto wa banda la saba mboji yako, upande wa kulia desturi yetu. Anataka lori lijae, hatumi gari kwa nusu mzigo.

Msalimie baba. Mwambie awashe redio.

Mpwa wako


Uani
9 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Posta wetu ana kiu. Nimemwambia baba yako awashe redio. Akaiwasha. Ilikuwa bei za mazao. Akaisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Viazi vimepanda," akazima. Kwa mwezi huu hiyo ndiyo hotuba ndefu.

Dereva anaondoka na magunia yako leo. Tumepakia mimi, vibarua wawili wa sokoni, na mke wangu aliyekuwa anatoa amri kutoka kwenye kivuli kwa ajili ya goti. Mwenyekiti wa kamati alipita akaona lori lenye nembo ya waridi ubavuni. Akasimama.

"Mmepata mteja?"

"Tumepata mjaribu."

"Mjaribu si mteja."

"Hata mchumba si mke," nikamwambia, "lakini watu humtengea kiti."

Akacheka kwa pua, akaenda zake. Baada ya saa moja alileta mtu mwenye kamba akapima uwanja. Alipima hata chini ya miguu yangu, nikainua mmoja mmoja ili nisimcheleweshe.

Lori lenu lina tumbo kubwa kuliko nilivyodhani. Malundo matatu yalikwisha na bado nyuma kulikuwa wazi, na meneja wako hataki nusu mzigo. Basi nikajazia.

Uliza kwa nini naandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nimeuchoma kwa nondo. Unaijua: dada alikuwa anaichomeka katikati ya lundo, anaiacha, anaichomoa na kuibandika kwenye kifundo cha mkono. Ikimchoma anasema, "Haya, huyu yuko macho, mgeuzeni." Isipomchoma analitukana lundo kama mtoto mvivu. Mimi nilijaribu kwenye lundo jipya, la tano, nikabandika kwa kiganja badala ya kifundo. Kila kazi na mwenyewe.

Maua yawe salama.

Mjomba wako


Shambani, banda la saba
30 Mei

Mjomba, shikamoo. Natumaini mkono umepona na goti la mke wako linatabiri vizuri. Mimi mzima.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikupe majibu kamili. Habari njema kwanza: mawaridi ya upande wa kushoto ni sawa na ya upande wa kulia. Shina urefu ule ule, kichwa ukubwa ule ule. Ukiyachanganya ndooni hata mimi siyatofautishi. Udongo wa kushoto umelainika, maji yanazama, na tunatumia mbolea ya kiwandani kidogo kuliko zamani. Meneja alipima kwa rula yake akasema, "Si mbaya." Kwa yule mtu hayo ni mashairi.

Habari ya pili. Juma lililofuata nilikuwa kwenye chumba cha baridi, akaja mmoja wa wakataji.

"Msimamizi, njoo uone. Waridi limezaa."

"Limezaa nini?"

"Majani ya boga."

Nilifikiri ni utani. Nikaenda. Kwenye tuta la mwisho la upande wa kushoto kulikuwa na miche ya maboga imesimama katikati ya mawaridi, imejaa afya, kama wageni waliokaribishwa. Tuta hilo peke yake. Kwingine kote hakuna hata mmoja. Wakataji walikuwa wamelala kwa kicheko. Mmoja akasema ukipenda boga penda na ua lake, na sisi ua tunalo tayari, lilikuwa limebaki boga.

Meneja hakucheka. "Mbegu ya boga imetoka wapi?"

"Sokoni."

"Uliniambia mbolea ya mjomba wako hupikwa kwa joto lake lenyewe mpaka kila mbegu inakufa. Kama mbegu ya boga imepona, ugonjwa je? Ukungu je? Nikiuingiza ukungu humu, nitawaambia nini watu wa ng'ambo? Kwamba kwao si kwema?"

Jibu nilikuwa nalo. Mimi nimekulia uwanjani kwenu, Mjomba. Lundo linachemka katikati na kando yake ni baridi. Ndiyo maana linageuzwa, wa kando aingie ndani. Mbegu iliyopona ni ya lundo ambalo halikugeuzwa.

Tuta la mwisho lilipata magunia ya mwisho, yale ya "nikajazia".

Sisemi kitu. Nauliza tu, lundo la nne ni lipi?

Mpwa wako


Shambani
2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Dereva anasema ulimpa maji ya kunywa na salamu, barua hukumpa.

Miche imeng'olewa. Mmoja umebaki nje ya banda, karibu na mfereji, palipomwagika kiroba wakati wa kushusha. Meneja hajauona na mimi sijamwonyesha. Umeanza kutambaa kuelekea chooni.

Jaribio limesimamishwa. Halijakataliwa. Mwezi wa tisa si mbali.

Mpwa wako


Uani
20 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mvua imekuwa ya kutosha na kuzidi. Goti limetabiri yote. Tumenunua toroli jipya, jekundu. Linapiga kelele kama bibi harusi asiyetaka kwenda. Baba yako amehamisha kiti kutoka mlangoni hadi dirishani. Mke wangu anaona ni maendeleo. Mimi naona dirisha linatazama uwanja.

Kuhusu maboga, nimelichunguza chekecheke. Mbegu ya boga ni bapa. Ukiilaza haipiti, ikisimama kwa ubavu inapita kama mwizi dirishani. Nimenunua chekecheke lenye matundu madogo zaidi. Mwambie meneja wako hivyo.

Watu wa kamati wamekuja na chokaa. Wamechora mistari ya maegesho, wakayazunguka malundo kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Kwa hiyo sasa kila lundo lina nafasi yake ya kuegesha. Lundo la nne limeegeshwa vibaya, limekanyaga mstari. Mwenyekiti alilitazama sana, akaniuliza, "Na hili mbona limeota nyasi?"

Nikamwambia ni la aina nyingine.

Mvua ikipungua nitaangalia.

Mjomba wako


Shambani
11 Agosti

Mjomba, shikamoo, na baba shikamoo, na goti shikamoo.

Leo nakuandikia moja kwa moja, utanisamehe.

Mbolea ya kiwandani imepanda bei. Meli imechelewa, na iliyopo mjini imefichwa na wenye maghala. Meneja aliyekuwa hataki kusikia neno mboji ameniita ofisini, akanifungia mlango, akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa, "Yule mjomba wako bado yupo?" Anataka kila gunia mnalotengeneza, msimu mzima. Anataka na ya kuwauzia wenye mashamba jirani, kwa kuwa wao pia wamekwama. Nimemuuliza kama ni kwa sababu matokeo yalikuwa mazuri. Akasema matokeo yalikuwa sawa tu, kilichobadilika ni bei ya ile nyingine. Basi soko letu ndilo hilo. Tusijivune.

Ana sharti moja. Mwisho wa mwezi atatuma mkaguzi mwenye kipimajoto. Kila lundo lililopo uwanjani litapimwa, kila moja, na liwe limegeuzwa na limechemka. Likipatikana moja la baridi, mkataba hakuna. Hataki maboga tena.

Mjomba, najua lundo la nne ni lipi. Ni lile mama alilokuwa analipanga asubuhi ile aliyotutoka. Nililiona siku tuliyomzika. Uma wake wa kugeuzia ulikuwa bado umesimama juu yake na hakuna aliyeuondoa. Nilipita pembeni nikaenda kuwahi basi, maana kesho yake ilikuwa siku ya kupakia. Hakuna aliyenilazimisha kuwahi.

Uligusa ukingo wake mara moja kujaza lori la watu. Basi unaweza kuligusa.

Ligeuze. Kama huwezi niambie nije. Niambie tu mapema, hapa ruhusa ni shida.

Lile boga la chooni limezaa, moja. Ni kubwa. Natuma na dereva pamoja na barua hii. Nawaza kwamba ni mbegu aliyoitupa yeye mwenyewe kwenye lundo, kwa mkono wake. Mleni pamoja, wote, mezani. Na mnieleze.

Mpwa wako


Uani
6 Septemba

Mpwa wangu,

Sisi hatujambo. Natumaini nawe hujambo. Nimesoma barua yako mara moja nikaiweka, nikaenda kununua misumari ambayo hatukuwa na haja nayo.

Siku ya kwanza baada ya hapo nilitoka na beleshi mpaka kwenye lundo la nne, nikang'oa nyasi zote juu yake, nikarudi ndani. Mke wangu akaniuliza, "Umeligeuza?" Nikamwambia nimelinyoa.

Siku ya pili nilisimama tena pale. Nikasikia mlango. Baba yako alikuwa anakuja, amevaa buti za mke wangu, zinambana. Akaushika ule uma, akautikisa kwanza maana ulikuwa umeshika kutu, akaung'oa. Nikamwambia, "Shemeji, taratibu." Akasema, "Taratibu ya nini?" Tukaanza. Yeye anachota, mimi natupa upande wa pili. Wa kando akaingia ndani, wa ndani akatoka nje, kama alivyotaka dada mwenyewe.

Utataka kujua kulikuwa na nini. Nami nilitaka. Kulikuwa na majani ya kabichi yaliyogandamana, magunzi, maganda ya mayai, kijiko chetu cha chai kilichopotea, na mbegu za maboga nyingi. Katikati palikuwa baridi. Baba yako alichomeka nondo, akaichomoa, akaibandika kwenye kifundo, pale pale pa dada. "Huyu amelala," akasema. Tukalimwagia maji, tukachanganya samadi mbichi, tukalifunika. Siku chache baadaye aliibandika tena, akashtuka, akanionyesha alama. Nilimuuliza kama imeuma. Akasema kidogo.

Mkaguzi alikuja. Ni kijana mpole mwenye viatu vyeupe, tulimsikitikia. Akapima malundo yote, lundo la nne akalipima mara mbili kwa sababu lilikuwa na joto kuliko yote. Akaandika, akagonga muhuri, akaomba maji ya kusafishia viatu. Mwenyekiti wa kamati aliuona muhuri akausoma pande zote mbili, hata upande usio na maandishi. Uwanja unabaki. Maegesho yatakuwa nyuma ya buchani. Mistari ya chokaa hawajaifuta, na malundo yameendelea kuegesha humo.

Huna haja ya kuja kwa ajili ya lundo. Ukija kwa jambo jingine, mlango unaujua.

Boga lilifika salama, limefungwa kwa shuka lako. Tuliliweka juu ya kabati kwa juma zima; hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchukua kisu. Jumapili mke wangu akalipika. Alitandika kitambaa kile cha wageni. Baba yako alinyoa ndevu. Tukakaa wote watatu, na kiti cha nne tukakisogeza mezani bila mtu kuambiwa, na mimi nikasema maneno machache, mazuri, ambayo siyakumbuki. Tukanawa mikono. Kila mmoja akapewa kipande chake, tukala polepole, tukamaliza mpaka ganda.

Lilikuwa la maji tu, halina utamu.

Mjomba wako